Desturi ya Kusalimu Mlima

Morogoro, Jumatatu, 3 Machi 1913

Mvua ya kwanza ya masika imeshuka leo alasiri. Kifua changu kiliijua tangu asubuhi. Nimemwomba binti yangu Shamsia anitolee daftari hili, lililobaki tangu nilipokuwa mwalimu wa shule ya serikali. Akaniuliza nataka kuandika nini. Nikamwambia hali ya hewa.

"Baba, hali ya hewa iko nje. Huna haja ya kuiandika."

Kweli ni kwamba nina neno la kumwambia mtu mmoja kabla sijafa, na kila nikifungua kinywa hutoka salamu tu. Nikiliandika kwanza, huenda litanizoea.

Mtu huyo ni Kibwana, fundi cherehani anayeshona kwenye baraza ya duka la Prakash. Ni mtu wa Unguja. Kila alasiri hufunga cherehani yake, huja hapa, hunishika mkono tukaenda hadi kwenye mwembe wa uani na kurudi. Hatua arobaini. Leo mvua ilipotukuta katikati alinibeba mgongoni, mimi mwalimu wake wa bure, huku akisema, "Mwalimu umekuwa mwepesi kama kofia." Nilicheka mpaka nikakohoa. Baadaye sikucheka.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Hatua ishirini na mbili.

Jumapili, 9 Machi

Pazi amekuja. Yeye ni fundi wa reli, mtu mwenye sauti ya kuita gari moshi, na ndiye nahodha wa chama chetu cha mpira. Ameleta habari: wale wa Unguja wameandika barua. Watakuja tena mwezi wa tano, mvua zikipungua, walipe kisasi cha mwaka jana.

"Safari hii tutawafunga manne," alisema. "Nimekwisha mpelekea habari Bi Mwaisha kule Mgeta atengeneze mbuzi. Wakishuka stesheni tu, alfajiri yake wapande wakausalimu mlima."

"Si lazima wapande," nikasema.

Akanitazama kama nimekufuru. "Mwalimu! Wewe ndiye uliyetufundisha. Mgeni akicheza mpira chini ya Uluguru bila kuusalimu, mlima unamvunja mguu. Wale wa Dar es Salaam walikataa mwezi wa kumi, je, yule kipa wao hakuteguka?"

Aliteguka kweli. Alikanyaga ganda la embe.

Pazi simwoni kuwa mtu wa akili nyingi. Lakini nani aliyempa upumbavu huu?

Ijumaa, 14 Machi

Sikwenda msikitini, miguu imekataa. Basi nitumie siku hii kuandika lililo kweli.

Hakuna desturi ya kusalimu mlima. Waluguru wana matambiko yao na heshima zao kwa milima yao, lakini hakuna mzee yeyote aliyewahi kusema kwamba mcheza mpira wa kigeni apande Mgeta kwanza. Nilitunga mimi, mwezi wa tano mwaka jana, nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki.

Miaka mingi nyuma, kabla ya ualimu, nilikuwa karani wa Mdachi mmoja mpima ardhi. Nilikwenda naye Kilimanjaro na milima mingine, nami ndiye niliyeandika majina ya wapagazi na hali zao. Niliona mambo nikayaweka. Mtu wa pwani akipandishwa juu kwa siku moja, usiku wa kwanza hapati usingizi. Kichwa humgonga, pumzi huja fupi, chakula hukisukuma. Usiku wa pili ni vilevile. Akikaa juu wiki tatu, mwili huzoea, na akirudi chini huwa na pumzi ya kugawa. Na jambo ambalo wengi hawalijui: kupanda huchosha, lakini kushuka ndiko kunakovunja mapaja. Tena hayaumi siku ile. Huuma kesho yake, na hasa keshokutwa, hata mtu mwenye nguvu akawa anashuka kitandani kama mwanamke aliyejifungua jana.

Wale vijana wa Unguja walikuja kwa meli, wakatapika njia nzima. Dar es Salaam walisimamishwa juani nusu siku wakikaguliwa hati zao, kwa kuwa wametoka nchi ya Waingereza kuja ya Wadachi. Kisha wakakalishwa juu ya mbao za gari moshi kutoka asubuhi hadi jioni. Mtu hudhani kukaa si kazi. Niliwaona wakishuka Jumanne, wamevimba miguu.

Hata hivyo walikuwa wakali kuliko sisi. Wangalilala siku mbili wakatufunga sita.

Basi nikawapokea kwa maneno matamu. Nikawaambia kuna desturi. Jumatano alfajiri wakapanda njia ya mkato hadi kwa Bi Mwaisha. Wakalala kule siku mbili katika baridi, wakala mbuzi, wakashukuru. Ijumaa wakashuka ule mteremko wote. Wao wenyewe walitaka kucheza Jumamosi. Nikasema hapana, pumzikeni, tucheze Jumapili. Wakanishukuru tena kwa huruma yangu. Mimi nilikuwa nimehesabu keshokutwa.

Vijana wetu hawakupanda. Niliwaambia desturi ni ya wageni tu.

Tulishinda moja bila. Wageni walikimbia kwa robo saa, kisha wakawa kama wanakanyaga matope pakavu. Karibu na mwisho, Kibwana, nahodha wao, alipata mpira peke yake mbele ya kipa. Akaanguka. Hakuguswa na mtu. Watu wote waliona kwamba hakuguswa.

Kiongozi wao, Bwana Maneno, alisema Kibwana amenunuliwa. Siku ya kuondoka alimvua jezi pale stesheni mbele ya watu, gari moshi likaenda, Kibwana akabaki kifua wazi. Mji mzima ulinibeba mabegani wiki ile.

Nimeandika. Mkono umechoka.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua usiku na mchana. Shamsia anapika mihogo na kuimba vibaya.

Alhamisi, 27 Machi

Kibwana amekuja na barua kutoka kwa dada yake. Mama yao anaumwa na anamwulizia kila siku. Nikamwambia aende.

"Siwezi, mwalimu. Kule nitaitwa muuza mchezo mpaka kaburini. Na ningekuwa nimeuza kweli ningevumilia." Akakunja ile barua mara nyingi. "Mimi sikuuza. Mimi niliogopa. Moyo uliniambia kimbia, miguu ikakataa. Sikujua kama mimi ni mwoga mpaka siku ile. Au mlima ulinikataa, sijui."

Kisha akaniuliza kama nimekunywa dawa.

Mpaka leo nilidhani nimemharibia jina tu. Jina naweza kulisafisha kwa watu. Sikujua kwamba alichukua uongo wangu akauweka ndani, akaishi nao.

Jumatano, 2 Aprili

Nilikusudia kumwambia. Nikamsimulia habari za Kilimanjaro saa nzima, akasema nina kumbukumbu nzuri.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwambia.

Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Tulikuwa barazani, Shamsia yumo ndani anapepeta mchele. Nilimwambia akae. Nikamwambia yote kwa mpangilio, kama somo: meli, hati, mbao, baridi, mteremko, siku ya pili. Nilikuwa nikitazama mikono yake. Fundi hawezi kutuliza mikono, lakini mikono yake ilitulia.

Nilipomaliza aliuliza neno moja.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Si kwamba ulidhani. Ulijua mapaja yataniisha siku ile."

"Nilihesabu siku, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Akasimama. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye paa kati yetu. Akasema, taratibu sana, "Mwaka mzima, kila sala, nimemwomba Mungu aniondolee woga. Mwaka mzima namwomba aondoe kitu ambacho sikuwa nacho. Na nikitoka kwenye sala nakuja hapa kukutembeza."

Nikasema, niwie radhi. Alikuwa amekwisha ondoka. Amesahau viatu vyake mlangoni, ameondoka na matope.

Kifua ni chepesi. Naona haya kusema hivyo, lakini ni kweli. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumatatu, 7 Aprili

Hakuja.

Jumanne, 8 Aprili

Hakuja. Mvua kubwa. Milima haionekani kabisa.

Ijumaa, 11 Aprili

Prakash alituma mtu kuuliza kama fundi wake yuko hapa mgonjwa. Cherehani ina siku tano imefunikwa gunia. Watu wanasema ameonekana Jumatatu akipanda njia ya mkato kwenda Mgeta, na usiku ule mlima uliporomoka ukafukia njia. Sijui kama alikuwa amepita.

Jumanne, 15 Aprili

Sijala vizuri siku nne. Leo Shamsia ameweka sahani akakaa mbele yangu, mikono kiunoni.

"Unamlilia Kibwana."

"Nimemfanyia jambo, Shamsia. Hulijui."

"Silijui? Unafikiri mwaka jana nani alikuwa anapika humu ndani ukila na kupanga? Ulikuwa unahesabu vidole mbele ya macho yangu. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nikasema moyoni, baba anawapikia watu kitu, na si chakula."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe ndiye mwalimu. Na tulishinda, nikapiga vigelegele kama wenzangu." Akasukuma sahani. "Kula. Ukifa kwa njaa hata huyo Kibwana akirudi atamsamehe nani, mimi?"

Miaka thelathini na tatu nimeishi na mtoto huyu nikidhani haoni mbali kuliko sufuria.

Jumanne, 22 Aprili

Yuko hai! Bi Mwaisha amefika na wajukuu na vikapu vya viazi na njegere. Njia ya mkato imefukiwa kweli, amezunguka kupitia Mlali, siku mbili katika matope. Ni mkubwa kwangu, nikamwamkia.

"Marahaba. Mtu wako ninaye," alisema kabla hajakaa. "Alifika amelowa kama panya. Akaniuliza, bibi, ni kweli mlima wenu hupenda kusalimiwa na wacheza mpira? Nikamwambia, mlima wenyewe haujaniambia hivyo, mimi niliambiwa na Mwalimu Yunusi."

"Kwa nini harudi?"

"Anasema anangoja njia ifunguke. Si angezunguka kama mimi kikongwe? Hataki. Asubuhi anakimbia hadi mtoni na kurudi. Mchana ananilimia. Ameshona nguo za kijiji kizima kwa mkono. Wasichana wanachana nguo makusudi."

Nikamwungamia na yeye pia kwamba desturi ile ni uongo, na kwamba nitaifuta. Alitafuna njegere mbichi akanitazama.

"Utaifutaje? Uongo ulikuwa kinywani mwako. Wageni walikula kwangu kweli. Walilala kwangu kweli. Mmoja alishikwa na baridi akalia nikamfunika kwa nguo yangu. Sasa kila atakayekuja kucheza mpira atafika kwangu nimwone. Ukitaka kufuta, futa ile siku ya kucheza. Mbuzi wangu mwache."

Nimesoma vitabu vya herufi za Kiarabu na za Kizungu, na hilo nimefundishwa na Bi Mwaisha.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemaliza barua kwa Bwana Maneno, kurasa tatu. Nimemwandikia wafike wapumzike, wanywe maji mengi, walale, wasipande mlima wowote kabla ya kucheza, wala wasikubali kuambiwa na mtu wa Morogoro, akiwemo mimi. Kuhusu Kibwana sikuandika. La Kibwana nitalisema kwa mdomo, mahali pale pale alipovuliwa jezi.

Jumapili, 4 Mei

Jua. Nzi wengi.

Alhamisi, 8 Mei

Nitaandika polepole, maana mwili umevunjika.

Nilimwita Pazi asubuhi nikamwomba vijana wawili wanibebe kwa kiti hadi stesheni kuwapokea wageni. Alifurahi sana. Alikuja yeye mwenyewe na rafiki yake, wakanibeba kama bibi harusi, huku akipiga kelele njiani, "Pisheni, mwalimu wa mlima anapita!" Nilitaka kumwambia njiani. Sikuweza, kwa sababu alikuwa ananibeba.

Gari moshi liliingia karibu na magharibi. Wageni walishuka, wamevimba miguu vilevile kama mwaka jana. Bwana Maneno ni mtu mnene mwenye kofia nyekundu, akanisalimu kwa baridi. Barua yangu haikumkuta.

Pazi akapanda juu ya mzigo wa magunia. "Karibuni! Mlale mapema, alfajiri mnapanda kuusalimu mlima. Ndiyo desturi yetu!"

"Si desturi," nikasema. Sauti haikutoka. Nikasema tena, na Shamsia, aliyekuwa nyuma yangu, akapiga vigelegele mara moja vikali mpaka watu wote wakanyamaza. Nikasema yote. Nilisema kama nilivyomwambia Kibwana, kwa mpangilio, na mwisho nikasema, "Kibwana hakununuliwa wala hakuogopa. Miguu yake niliivunja mimi, nikiwa nimekaa. Bwana Maneno, jezi uliyomvua ilikuwa haki yake."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Bwana Maneno alivua kofia akaivaa tena. "Mzee," alisema, "mimi nilikula yule mbuzi nikamwombea dua aliyemchinja." Kisha, kwa sauti ya chini, "Kibwana yuko wapi?"

Nikasema yuko mlimani.

Pazi alishuka kwenye magunia. Nilidhani ataniacha pale pale. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwalimu, umetuvua nguo stesheni. Tumeshinda mara moja tu tangu chama kizaliwe."

"Najua."

"Mara moja tu!"

Lakini alinyanyua upande wake wa kiti. Njia nzima hakunitikisa hata mara moja. Mtu niliyemwita hana akili.

Jumamosi, 10 Mei

Njia ya mkato imefunguliwa jana. Kibwana ameshuka leo. Hakuja hapa. Shamsia amemwona amesimama na Bwana Maneno nje ya duka la Prakash, Maneno anasema, anasema, Kibwana anatazama cherehani. Mwishowe walishikana mikono.

Jumapili, 11 Mei

Wageni walipumzika siku mbili, wametushinda tatu kwa moja. Uwanja ulikuwa bado na madimbwi.

Nilikaa karibu na mstari. Kibwana alikuwa na zaidi ya wiki nne juu, na mapaja yake yamezoea mteremko. Nilijua nitakachokiona, hata hivyo nilipokiona nililia. Wenzake walipoanza kushika magoti, yeye alikuwa anaanza. Alikimbia kama mtu aliyetumwa jambo la heri. Goli la tatu alimpita Pazi, akampita kipa, akasimama na mpira kwenye mstari kabisa, akatazama miguu yake mwenyewe. Kisha akausukuma kwa kisigino.

Pazi akamwambia, na mimi nilisikia, "Wewe fundi, ungenishonea sanda basi, kuliko hivi." Wakacheka wote wawili.

Bi Mwaisha alikuwepo. Amewachukua wageni wote leo jioni kwenda kula mbuzi mlimani, baada ya mchezo. Na vijana wetu wamepanda pamoja nao. Pazi ndiye aliyebeba chumvi.

Jumatano, 14 Mei

Wageni wanaondoka kesho asubuhi, na Kibwana anakwenda nao kwa mama yake. Alikuja alasiri. Hakuniamkia. Alinishika mkono tukatembea, naye akahesabu kwa sauti. Tulifika kumi na saba, tukakaa juu ya kinu.

Nikamwambia, "Kibwana, sitafika mbali. Nakuomba radhi. Niambie neno lile kabla hujaondoka, hapa duniani, ili kule nisiulizwe."

Kuku wa jirani alipita na vifaranga.

"Sikuambii," alisema.

"Unayo haki."

"Si hivyo. Wewe ni mtu wa kuhesabu siku. Nikikusamehe leo, kesho utajinyoosha kitandani ufe, umemaliza mahesabu yako. Nakujua." Alikuwa karibu kutabasamu, lakini hakutabasamu. "Na tena bado nina hasira. Nikiwa njiani zitaisha kidogo, nikimwona mama zitaisha zaidi. Nitarudi kabla ya Ramadhani kuchukua cherehani yangu. Nikirudi nitakusamehe, mbele ya Shamsia. Wewe ngoja."

"Na nikifa kabla?"

"Basi utakuwa umenifanyia jambo la pili."

Akanirudisha hadi barazani. Alipofika kwenye njia aligeuka, akasema, "Shikamoo, mwalimu," akaenda bila kungoja marahaba.

Ijumaa, 23 Mei

Baridi ya asubuhi. Milima inaonekana yote, hata njia ya mkato, kama uzi.

Jumatatu, 2 Juni

Jana usiku nilihema vibaya, Shamsia akaogopa. Asubuhi ameniuliza kwa upole kama aite watu waje wanisomee Yasini. Nimemwambia bado, kuna mtu ameniwekea miadi. Nikamuuliza Ramadhani ni lini. Akahesabu kwa vidole: miezi miwili na siku mbili.

Nimemwomba anipe mkono nisimame.